Kabla Hujamwita Mkaguzi wa Boti Yako

Maneno haya ni kwa wenye vyombo: wenye boti za kupeleka wageni Mnemba na Chumbe, wavuvi wa Mafia na Kilwa, wenye majahazi ya mizigo, na wale walionunua boti ya faiba kwa mkopo na sasa benki inawadai hati ya bima. Leo nina neno nanyi kuhusu mtu ambaye wengi wenu mnakutana naye mara moja, mnamlipa na kumsahau. Siku chombo kinapozama, karatasi yake ndiyo ya kwanza kufunguliwa. Mtu huyo ni mkaguzi wa vyombo vya baharini.

Mambo huanza hivi. Unakwenda kwa wakala wa bima, mnaelewana bei, kisha anakuambia, "Bosi, kampuni inataka ripoti ya mkaguzi." Unamuuliza utampata wapi, anakupa namba. Unapiga simu. Mtu wa upande wa pili anakuuliza urefu wa boti, mwaka ilipotengenezwa na nguvu ya mashine, halafu anasema, "Nitumie picha kwa WhatsApp, jioni ripoti utaipata." Wewe unafurahi, maana hujalazimika kuipandisha boti pwani wala kupoteza safari ya siku moja.

Ripoti hiyo ya jioni inaweza kukugharimu boti nzima, na nataka tuelewane kwa nini.

Tuanze na sababu ya kampuni kuitaka. Mwenye bima amekaa ofisini, hajawahi kuiona boti yako, na huenda hajui Kizimkazi iko upande gani wa Unguja. Anabeba hatari ya kitu asichokijua. Tatizo hilo ni la zamani. Mjini London, katika karne ya 17, wafanyabiashara waliokuwa wakikata bima za meli walikuwa wakikutana katika mgahawa wa kahawa wa Edward Lloyd. Mwaka 1760 wateja wa mgahawa huo wakaunda chama cha kuorodhesha meli, wakawatuma watu bandarini wakazitazame kwa macho. Kila meli ilipewa herufi kwa hali ya mwili wake na alama nyingine kwa hali ya vifaa vyake, yaani nanga, kamba na matanga. Baadaye alama za vifaa zikawa tarakimu, na meli nzuri kuliko zote ikaandikwa A1. Tangu hapo kazi ya mkaguzi ni kwenda mahali ambapo mwenye bima hawezi kwenda, kutazama, na kueleza kwa maandishi alichokiona.

Kwa hiyo mkaguzi aliyekagua picha hajafanya kazi ya mkaguzi. Picha haina sauti, haina harufu, na haionyeshi kilicho chini ya sakafu ya boti.

Hapa huwa nasikia jibu moja, hasa kwa wenye boti za abiria: "Mimi boti yangu imeshakaguliwa na serikali." Ni kweli, na ni wajibu. Tanzania Bara kazi hiyo iko chini ya TASAC, Zanzibar kuna Mamlaka ya Usafiri Baharini, na Kenya kuna KMA. Chombo kisicho na cheti chao kisitoke. Lakini ofisa wa serikali anatafuta jambo moja: je, chombo hiki kimefikia kiwango cha chini cha usalama kinachotakiwa na sheria? Anahesabu maboya ya kujiokolea, anatazama vizima moto, anaandika idadi ya abiria. Hatafuti bei ya boti sokoni, wala hasemi faiba ya tezi itadumu miaka mingapi. Kampuni ya bima inataka hayo mawili kwa pamoja, hali na thamani. Ukiipelekea cheti cha serikali peke yake, umejibu swali ambalo haikuuliza.

Na hata ukaguzi mzuri una mpaka wake. Unaeleza hali ya chombo kwa siku ile kilipotazamwa. Hauwezi kumzuia nahodha atakayejaza watu wiki ijayo. Meli ya Spice Islander iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, kati ya Unguja na Pemba, ilikuwa imebeba watu mara kadhaa ya idadi iliyoruhusiwa. Msiba ule hatujausahau, na hakuna ripoti ya mkaguzi ambayo ingemshusha abiria hata mmoja. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaodhani wakishakaguliwa wamemaliza.

Sasa, nani anastahili kuitwa mkaguzi?

Watu wengi hawajui kwamba hata Marekani na Uingereza, nchi zenye boti za starehe chungu nzima, serikali haitoi leseni ya kumruhusu mtu kujiita mkaguzi wa boti ndogo. Mtu yeyote anaweza kuchapisha kadi yenye cheo hicho. Kinachowatenganisha wanaojua na wasiojua ni vyama vya taaluma. Marekani wana SAMS na NAMS, Uingereza wana YDSA, na kipo chama cha kimataifa, IIMS, chenye wanachama katika nchi nyingi. Vyama hivi vinadai mtu awe na uzoefu, vinapima kazi yake na kumtaka aendelee kusoma. Huku kwetu sheria za bima zina utaratibu wake wa kuwasajili watathmini na wakadiria hasara, kwa TIRA upande wa Tanzania na kwa IRA upande wa Kenya. Muulize mkaguzi amesajiliwa wapi, kisha hakikisha mwenyewe. Mtu aliyesajiliwa kweli hakasiriki akiulizwa namba yake.

Lakini kabla ya hilo, piga simu moja ambayo wengi hawaipigi. Iulize kampuni ya bima yenyewe: je, mkiletewa ripoti ya fulani mtaikubali? Kampuni nyingi zina orodha ya wakaguzi zinaowaamini. Ni uchungu kumlipa mtu, kumsafirisha hadi Mafia na kumlaza hotelini, halafu ofisi ya Dar es Salaam ikakuambia haimtambui.

Cheti nacho hakitoshi. Nahodha mstaafu wa meli ya mafuta anaweza kuwa na vyeti vya kujaza ukuta, na meli za chuma akazijua kama kiganja cha mkono wake, lakini hajawahi kuingia ndani ya boti ya faiba ya futi 28. Chuma kinapimwa unene kwa kifaa cha mawimbi ya sauti. Faiba inapimwa kwa nyundo ndogo na kipima unyevu. Mbao zinataka bisbisi, sikio, na mtu anayejua miti. Kwa hiyo swali ninaloliona zito kuliko yote ni hili: boti za aina ya yangu umekagua ngapi, na unaweza kunionyesha ripoti moja, ukifunika jina la mwenyewe? Hapo Lamu kuna jahazi la Flipflopi lililojengwa kwa plastiki iliyokwisha kutumika na kushushwa majini mwaka 2018. Chombo kama hicho hata mkaguzi hodari atatakiwa kusema kwanza anakijua kwa kiasi gani. Mkaguzi anayesema "hii siijui vizuri, mtafute fulani" amekuonyesha uaminifu wake kabla hujamlipa senti.

Nikueleze nilichokiona Kunduchi, asubuhi moja ya bamvua. Maji yalikuwa yamekupwa mpaka mbali, na boti moja ya faiba imepwelewa juu ya magogo, tezi yake ikitazama bahari. Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa ovaroli na viatu vya mpira. Alianza na shikamoo kwa fundi mzee aliyekuwa amekaa kivulini, kisha akaizunguka boti mara mbili bila kugusa kitu. Halafu akatoa nyundo ndogo yenye kichwa cha plastiki. Akagonga kuanzia omo, taratibu, kila baada ya inchi chache. Sauti ikawa kavu, kali, ile ile, ubavu mzima. Alipofika tezini, pale mashine ilipofungwa, sauti ikabadilika. Ikawa nzito, imekufa. Hata mimi nisiye fundi niliisikia.

Akamgeukia mzee. "Mzee wangu, hapa palifunguliwa lini mara ya mwisho?"

"Hapo hapajafunguliwa, mwanangu. Boti haina neno hii. Mwaka jana tu tumeipaka rangi."

Akaweka kipima unyevu, akatazama, akakiweka tena pembeni kidogo. Kisha akamwomba mwenye boti ruhusa ya kutoa boliti moja ya mashine. Mwenye boti alimtazama fundi, fundi akatazama chini, boliti ikatolewa. Kwenye tundu yakatiririka maji ya kahawia, na harufu ya mbao zilizooza ikatufikia sote. Boti nyingi za faiba zina ubao ndani ya tezi, umefunikwa faiba pande zote mbili ili ubebe uzito wa mashine. Maji yakipenya kwenye boliti, ubao unaoza ndani kwa ndani huku nje kukiwa na rangi mpya inayong'aa.

Mwenye boti akauliza kwa sauti ya chini, "Dada, hiyo utaiandika?"

"Nitaiandika, kaka. Ukiitengeneza nitarudi, nitaandika kwamba imetengenezwa."

Hakuongeza neno. Akaendelea na vali za chini, akazikwaruza kwa kisu kuona kama shaba imegeuka rangi ya waridi. Shaba iliyochanganywa na zinki ikikaa muda mrefu kwenye maji ya chumvi hupoteza zinki yake, ikabaki imejaa matundu madogo na kuvunjika kwa mkono. Akanyanyua mbao za sakafu, akaingiza kichwa na tochi ndani ya ngama. Alikaa humo muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Namtaja mama yule kwa sababu alifanya mambo ambayo unaweza kuyatazama mwenyewe unapomwajiri mkaguzi. Aliitaka boti iwe nje ya maji. Alikuja na vifaa. Aliomba ruhusa kabla ya kufungua kitu. Na hakuahidi kunyamaza. Ukimwona mkaguzi amekuja na simu tu mkononi, amevaa suruali nyeupe na haraka ya kuwahi miadi nyingine, mlipe nauli yake aende.

Kwa wenye vyombo vya mbao jambo ni gumu zaidi. Kampuni nyingi za bima zinaogopa mbao, na wakaguzi wanaozijua ni wachache. Wanaojua kweli ni mafundi wetu: wa Nungwi, wa Matondoni kule Lamu, na mafundi wa pwani yote hii wanaojenga jahazi bila mchoro. Fundi anajua taruma lipi limechoka kwa kulitazama tu. Je, yeye asiwe mkaguzi? Nasema hapana, tena nasema kwa heshima. Fundi aliyekipiga chombo kalafati hawezi kuwa shahidi wa kalafati yake mwenyewe, na kampuni ya bima haitamsikiliza. Mkaguzi mwenye akili humketisha fundi karibu yake na kumuuliza maswali: mbao hizi za mti gani, misumari ilipigwa mwaka gani, mara ya mwisho chombo kilipandishwa lini. Halafu anahakikisha kwa mkono wake. Anachomeka bisbisi kandokando ya mkuku na kwenye maungio ya mataruma. Anaomba kung'oa msumari mmoja au miwili, kwa sababu msumari wa chuma ukianza kushika kutu, mti unaouzunguka hugeuka mweusi na kulainika, na ubao mzima unaweza kuwa haushikwi na chochote ingawa kichwa cha msumari kinaonekana salama. Anatafuta matundu ya wadudu wa baharini wanaotoboa mbao, hasa pale deheni ilipobanduka. Kazi hiyo haifanyiki chombo kikiwa kinaelea.

Bahati yetu, bahari yenyewe inatusaidia. Unguja wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka karibu mita 4. Penye mchanga mzuri, chombo kinaweza kupwelewa asubuhi, kikakaguliwa, na kikaelea tena jioni bila gharama ya winchi wala chelezo. Panga miadi na mkaguzi kwa kalenda ya mwezi. Na mpange mapema. Hati ya bima ikiwa inaisha Ijumaa nawe unamtafuta mkaguzi Jumatano, utamchukua yeyote atakayepatikana, na huyo yeyote mara nyingi ni yule wa picha.

Sasa nizungumzie jambo linaloniudhi, nalo ni la nani anamlipa nani. Muuzaji wa boti anakuambia, "Usihangaike, mimi nina mkaguzi wangu." Wakala anakuambia, "Huyu ni mtu wetu." Fundi anakuambia, "Mchukue shemeji yangu." Kila mmoja wao ana faida ripoti ikitoka safi. Muuzaji atauza, wakala atapata kamisheni, fundi jina lake halitachafuka. Wewe peke yako, mwenye kupanda boti hiyo na watoto wa watu, ndiye mwenye faida ukweli ukitoka. Kwa hiyo mtafute wewe, umlipe wewe, na jina lako ndilo liandikwe kwenye ripoti kama mteja. Mlipe kwa urefu wa boti au kwa siku ya kazi. Akikuambia malipo yake yanategemea boti kununuliwa au bima kukubaliwa, achana naye. Na umuulize kama yeye mwenyewe ana bima ya makosa ya kazi yake. Mkaguzi anayewaambia wengine wakate bima, naye akikosea hana cha kumfidia mtu, anakuachia mzigo wote.

Msikilizaji, ripoti imetoka. Hapa ndipo wengi wanapoanguka, hata waliochagua vizuri. Wanaipeleka kwa wakala bila kuisoma.

Ripoti ina sehemu mbili zinazokuhusu zaidi. Moja ni thamani. Mikataba mingi ya boti inaandikwa kwa thamani mliyokubaliana, na boti ikipotea yote, kiasi hicho ndicho mnachokisimamia. Kuna kishawishi cha kuomba mkaguzi ashushe thamani ili ada ya bima iwe ndogo. Tazama hesabu yake. Boti ya shilingi milioni 60 ukiiandika milioni 30, umejifanya mwenye bima wa nusu iliyobaki. Na pale mkataba usipotaja thamani mliyokubaliana, ukipata hasara ya milioni 10 unaweza kulipwa milioni 5, nyingine ni zako. Kuipandisha nako ni hatari. Uingereza ya karne ya 19 ilikuwa na wenye meli waliokatia bima kubwa meli mbovu, zikazama pamoja na mabaharia, na wenye meli wakalipwa. Mbunge Samuel Plimsoll alipiga kelele miaka mingi mpaka sheria ya 1876 ikalazimisha alama ya mwisho wa kupakia ichorwe ubavuni mwa meli. Thamani iliyovimba humfanya mwenye bima akutazame kwa jicho la shaka, na mkaguzi wa heshima hataiandika.

Sehemu ya pili ni mapendekezo. Mara nyingi yako kurasa za mwisho: badilisha vali hii, tengeneza tezi, nunua kizima moto, funga waya upya. Kampuni ya bima inaweza kuyachukua mapendekezo hayo na kuyafanya masharti, tena kwa tarehe maalumu. Usipoyatimiza, umeshavunja makubaliano kabla bahari haijachafuka.

Na sheria hapa haina mzaha. Sheria ya Uingereza ya bima ya baharini ya mwaka 1906, ambayo Kenya iliifuata katika Sura ya 390 ya sheria zake, inasema kwamba katika bima ya muda maalumu, mwenye chombo akikipeleka baharini akijua kabisa kwamba hakifai kwenda, mwenye bima hawajibiki kwa hasara iliyotokana na ubovu huo. Zingatia neno akijua. Siku ile mkadiria hasara atakapokuja, atauliza ulijua nini, na ripoti ya ukaguzi yenye jina lako itakuwa mbele yake. Sheria hiyo hiyo inaondoa uchakavu wa kawaida, na hasara iliyoletwa na panya na wadudu waharibifu. Na masharti ya boti za starehe yaliyotungwa London mwaka 1985, ambayo mikataba mingi bado inafuata nyayo zake, yanasema wazi kwamba mashine ya nje ikichomoka na kutumbukia baharini, hailipiwi. Rudi kwenye tezi ile ya Kunduchi. Ubao ukikatika na mashine ikaenda chini, bima isingemsaidia yule mwenye boti hata kidogo. Nyundo ya mama yule ndiyo iliyomwokolea mashine.

Kuna wanaosikia haya wakasema: basi afadhali mkaguzi asiyeandika mabaya, ili isiwepo karatasi inayonishuhudia kwamba nilijua. Nimelisikia hilo kwa watu wazima, wenye vyombo vizuri. Lifikirie mpaka mwisho. Chombo kimezama, kimeopolewa, mkadiria hasara amekuja na mkaguzi wake, mtu wa nyundo. Anakuta mbao zimeoza, anaandika uchakavu. Wewe unatoa ripoti yako inayosema kila kitu ni kizuri sana, yenye picha zilizopigwa boti ikiwa inaelea. Nani ataiamini? Lakini ukitoa ripoti iliyosema tezi ni mbovu, ikifuatwa na risiti za mbao na resini, na barua ya mkaguzi yuleyule kwamba alirudi akakuta imetengenezwa, unazungumza ukiwa na pa kusimama. Habari mbaya iliyoandikwa na kushughulikiwa ndiyo kinga ya kwanza ya dai lako.

Wapo pia wanaosema pwani yetu haina dhoruba, haya ni mambo ya Karibi. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja na kuangamiza vyombo vya Sultani Barghash bandarini. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Mara chache, lakini hufika. Na hata bila kimbunga, boti nyingi haziuawi na dhoruba. Zinauawa na vali ya shaba iliyooza, waya uliochunika karibu na tangi la petroli, na pampu ya ngama ambayo hakuna aliyeijaribu tangu Ramadhani iliyopita.

Gharama? Ndiyo, mkaguzi mzuri ni ghali kuliko wa picha, na kwa mvuvi mwenye boti moja si pesa ndogo. Hapa nina ombi kwa vyama vya ushirika vya wavuvi na umoja wa wenye boti za utalii: jikusanyeni. Boti kumi zikipwelewa pwani moja katika bamvua moja, nauli na malazi ya mkaguzi mnagawana, naye anafanya kazi siku mbili tatu mfululizo. Kampuni za bima nazo zingeweza kutoa punguzo kwa kundi lililokaguliwa hivyo. Na kwa vyuo vyetu vya ubaharia, kuanzia Chuo cha Bahari cha Dar es Salaam: tunahitaji vijana wanaojua faiba na mbao pia, wafundishwe na mafundi wa Nungwi na Matondoni wakiwa bado hai.

Wewe mwenye boti unayenisikiliza sasa, toa ripoti yako ya mwisho ya ukaguzi uifungue kwenye ukurasa wa mapendekezo. Lililotengenezwa, weka risiti yake hapo hapo. Ambalo bado, mpigie fundi kesho asubuhi, na kabla halijaisha usipakie abiria. Na kama ripoti hiyo iliandikwa kwa picha za simu, tafuta mkaguzi mwingine kabla ya bamvua ijayo.